Jina la Mbwa

Nilimwita Mtasema.
Sikumwita hivyo kwa ajili yake. Alikuwa mtoto bado,
tumbo duara kama kibuyu, amelala ndani ya gunia la korosho
nililombebea kutoka Kitangari.
Nilimwita hivyo kwa ajili ya uzio,
na kwa ajili ya Somoe Likanga aliye ng'ambo ya uzio,
aliyekwenda baraza la kata kudai
kwamba mikorosho mitatu ni ya marehemu baba yake.

Kila asubuhi, ukungu wa Newala ukiwa bado umekalia mapaa,
nilitoka uani na bakuli la kiporo cha ugali
nikaita kwa sauti ya mtu anayetupa jiwe:
Mtasema! Mtasema wee! Njoo ule, Mtasema, mpaka mchoke!
Upande wa pili ufagio ulisimama.
Nikaridhika. Ujumbe umefika.

Mbwa alikuja, ndiyo. Alikuja kwa kuzunguka,
ubavu mbele, amefyata mkia,
akasimama hatua kumi kabla ya bakuli
na kupiga mwayo.
Mwayo! Nikasema, huyu ananidharau.
Nikapandisha sauti. Akapiga mwingine, mrefu zaidi,
akajiramba pua, akageuza uso kando
kama karani anayekataa kusaini.
Mimi ni mtu wa mizani, miaka kumi na tisa ghalani,
gunia likipungua nusu kilo najua kwa kulitazama;
sikujua kuwa mwayo ule
ulikuwa ni kuomba radhi.

Fidea, binti wa dada yangu, alikuja likizo ya Juni.
Hana maneno mengi. Alichuchumaa penye tenki la maji,
akampa mbwa mgongo,
akaweka kiganja chini, wazi, kana kwamba amekisahau pale.
Hakuita.
Mwite jina, nikamwambia.
Mjomba, akasema, jina hilo si lake.
Ukapita muda wa kuchemsha chai.
Kisha nikaona pua nyeusi kiganjani,
na mkia (kumbe una ncha nyeupe, miaka minne sijauona wote)
ukifagia vumbi, kushoto, kulia.

Usiku nilipiga hesabu.
Mara mbili kwa siku, kwa miaka minne:
nimelitamka karibu mara elfu tatu
na yeye sijamwita hata mara moja.
Maneno yalipita juu ya kichwa chake kwenda kwa Somoe.
Yaliyobaki ndiyo yake:
shingo yangu iliyokaza, taya, mkono kiunoni,
kisigino kinachopiga ardhi.
Hayo aliyasoma yote, bila kuruka mstari,
ndipo akala ugali.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, akapotea siku nzima.
Nilimkuta ng'ambo, miguuni pa Somoe,
tumbo juu, masikio yamelegea,
yule mama anachambua kunde wala hamtazami.
Nikasimama pale mlangoni na kamba yangu mkononi.
Hakuinua macho. Alisema tu:
Huyu hana kesi.

Kesi yetu bado ipo. Tumeahirishwa mara mbili.
Lakini siku hizi natoka kimya,
naweka bakuli chini, naketi juu ya kinu kilichopasuka,
magoti yangu yakitazama kwingine.
Jina jipya sijapata. Fidea anasema nisiharakishe.
Mbwa anasimama hatua tano.
Zilikuwa kumi, na mtu wa mizani
haoni aibu kufurahia tano.
Ufagio ng'ambo ya uzio unaendelea, hausimami.
Ananitazama.
Nageuza uso kando, taratibu,
kisha napiga mwayo,
ule mrefu.